Maftah na Ngurumo ya Tanuru

Katika ukoo wa kina Maftah, mtoto wa kiume alizaliwa akiwa na njia mbili mbele yake: duka au chuo. Babu wa babu yake alifika Buganda na misafara ya watu wa pwani, na tangu hapo wanaume wa ukoo ule waliuza vitambaa na chumvi mchana, jioni wakasomesha Kurani watoto wa majirani. Hakuna aliyetoka nje ya njia hizo mpaka vita vilipopita Kampala mwaka 1986. Watu wenye bunduki, waliokuwa wakikimbia na kila walichoweza kubeba, waliingia katika duka la mzee pale Makindye wakakomba kila kitu, hata mbao za rafu. Mzee hakudumu baada ya hapo. Alikuwa akifungua mlango wa duka tupu kila asubuhi na kukaa kitini kana kwamba wateja watakuja, na siku moja wakamkuta kitini hapohapo, amekwisha kwenda.

Aliacha wana wawili. Zaid, mkubwa, alirithi chuo na msikiti mdogo wa mabati uliokuwa nyuma ya nyumba. Maftah, mdogo, alirithi sauti, na hapakuwa na wa kubisha. Alipoadhini alfajiri, hata Wakristo wa ng'ambo ya bonde walisema wameamka vizuri. Mkewe, Mwanawetu, alikubali kuolewa naye kwa ajili ya sauti hiyo kabla hajamwona sura sawasawa, na alilisema jambo hilo waziwazi mbele ya mama mkwe wake, bila haya hata kidogo.

Lakini sauti haichemshi chungu. Binti yao Farhana alipozaliwa, Maftah alikuwa akibeba magunia sokoni. Ndipo alipopata habari za kiwanda cha chuma kule Luzira, karibu na bandari ya Port Bell. Kiwanda kilikuwa kimejengwa zamani, wenyewe wakafukuzwa nchini, serikali ikakichukua, kisha kikafa polepole mpaka popo wakahamia. Mwaka 1991 mwenye mali, mzee wa Kihindi, alirudi na mvi zake, akafukuza popo, akaleta tanuru jipya kwa meli na reli. Watu walisema tanuru lile halili mkaa wala kuni, linakula umeme. Maftah hakuamini. Alikwenda kushangaa tu, na kwa kuwa alijua kusoma na mabega yake yalikuwa mapana, jioni alirudi nyumbani akiwa mtu wa kazi.

Tanuru lilikuwa kama chungu cha jitu, kilichojengewa ndani matofali ya kustahimili moto, na kifuniko chake kilifunguka kwa kuzunguka kando. Kreni ilileta pipa kubwa lililojaa vyuma chakavu, na mwanzoni vyuma vyenyewe vilikuwa mabaki ya vita: magari ya jeshi yaliyokuwa yamelala kando ya barabara, mabati yenye matundu ya risasi, mabehewa yaliyoungua. Kengele ililia, watu wakakaa mbali, sakafu ya pipa ikafunguka, vyuma vikaanguka ndani. Kifuniko kikarudi. Kisha nguzo tatu nyeusi za kaboni, kila moja nene kama gogo la mvule, zikashuka kupitia matundu ya kifuniko, na zilipokaribia vyuma, umeme ukaruka.

Hapo ndipo ngurumo ilipoanza. Si mlio wa kusikia kwa masikio peke yake. Iliingia kwa miguu, ikapanda kifuani, ikatikisa meno. Taa za nyumba za jirani zilififia na kurudi, zikafifia tena. Wageni wengi walirudi nyuma. Maftah alisogea mbele.

"Wewe utakufa mapema," mtu mmoja alimpigia kelele sikioni.

Mtu huyo alikuwa Cleopas, Mkenya wa Bungoma, mwembamba, mwenye pengo la meno na kicheko cha karibu. Alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi pamoja na mkewe Phelister, mshonaji wa sare za shule, nao walipanga chumba kimoja Luzira. Jumapili Cleopas aliimba besi kanisani. Siku nyingine zote alisimama na Maftah mbele ya mlango wa tanuru, wakitupa chokaa, wakikwangua yale mavi ya chuma yaliyoelea juu kama povu la maziwa, wakichota kijiko cha uji mwekundu ili upimwe, mpaka tanuru lilipoinamishwa na chuma kumwagika kama jua lililoyeyuka.

"Maalim," Cleopas alipenda kumwita hivyo, "jehanamu ya Waislamu ni moto kama huu?"

"Huu ni wa kuotea baridi."

"Basi mimi nabaki kwa Yesu."

Kwa kuwa ngurumo ilimeza maneno, watu wa tanuru walizungumza kwa mikono. Ngumi ilimaanisha shusha nguzo. Kiganja kilicholala, kata umeme. Vidole viwili begani, njoo unipokee. Vizibo vya masikio viligawiwa mara moja, vikachakaa, havikuletwa tena, wengi wakatia pamba. Maftah hakutia hata pamba. Alisema anataka kulisikia tanuru, maana vyuma vilipokuwa bado vigumu lilibweka na kukohoa, na vilipolainika lilishusha pumzi, likavuma taratibu kama mtu aliyeshiba. Alipenda badiliko lile. Nyumbani alilisimulia mpaka Mwanawetu akachoka.

Alipenda vilevile kumchukua Farhana mjini, wakasimama chini ya majengo mapya yaliyokuwa yakipanda kila upande, amwonyeshe nondo zilizochomoza juu ya zege. "Zile nimezipika mimi," alimwambia. Katika ukoo wa wauza vitambaa na walimu, yeye alikuwa wa kwanza kupika jiji.

Miaka ikapita hivyo. Wa kwanza kutoweka masikioni mwake walikuwa chenene wa jioni, naye hakuona kitu, kwani nani hukaa akiwasubiri chenene? Kisha maneno ya Farhana yakaanza kumfikia bila ncha, kama kitambaa kilichofumuka pembeni. Ikafika siku Mwanawetu akaja mpaka uani alikokuwa ameketi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba Farhana, nimekuita mpaka kuku wamekuja."

"Nilikuwa nawaza."

"Uliwaza jana, ukawaza juzi. Lile tanuru linakula masikio yako. Kaka Zaid anataka mtu wa kumsaidia chuoni. Acha kazi ile, nakuomba."

"Niache moto, nikakae na watoto kutamka alifu kwa kijiti?"

Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, maana siku hizo hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani. Zaid alikuwa upande wa pili wa ua, akayasikia yote. Akageuka, akarudi chuoni. Lakini baada ya Ramadhani alikuja mwenyewe, akaketi karibu, akamshika mdogo wake mkono.

"Maftah, sauti yako imeanza kupanda mahali pa kushuka."

Maftah alicheka, akidhani ni mzaha wa ndugu. Kisha akamtazama kaka yake machoni, akaona si mzaha. Kwa muda gani waumini walikuwa wakiinamisha nyuso kila alipoadhini, wakimwonea haya? Hakuuliza. Kuanzia siku hiyo Zaid aliadhini mwenyewe, kwa sauti yake yenye mikwaruzo, na Maftah akaanza kuswali safu ya nyuma, karibu na viatu.

Kazini hakumwambia mtu. Aliyegundua ni Cleopas, naye aligundua mapema kuliko Mwanawetu. Hakutangaza. Alianza tu kusimama mahali ambapo Maftah angeweza kumwona. Kengele ilipolia, Cleopas aliinua mkono. Fomani alipoita, Cleopas aligeuka kwanza, Maftah akageuka naye. Walipokula mihogo wakati wa mapumziko, Cleopas alimwelekea na kuyatamka maneno kwa mdomo mzima, ili rafiki yake asome midomo bila kuonekana kama msomaji. Hawakuwahi kulizungumza. Mtu asiyesikia haruhusiwi mbele ya tanuru, wote wawili walilijua hilo, na Maftah hakuwa na mahali pengine duniani alipotaka kusimama.

Mwaka 2005 maji ya ziwa yalishuka. Pale Port Bell ufuo ulianika matope ambayo wazee hawakupata kuyaona, na mabwawa ya umeme kule Jinja yakakosa nguvu. Mgao ukaanza. Nyumba ikikosa umeme huwasha mshumaa. Tanuru likikosa umeme huganda. Liliganda mara ya kwanza likiwa limejaa, chuma kikashikana na matofali kama ugali uliosahauliwa sufuriani, na watu wakaingia kulivunja vipande kwa nyundo na kwa moto wa mipira ya oksijeni, wakipokezana, ngozi zikibabuka. Mzee wa Kihindi alikuwa amefariki. Wanawe walioshika usukani waliogopa kuganda kuliko kitu kingine chochote, wakaamuru kwamba umeme ukirudi, tanuru lijazwe papo hapo, liyeyushe kabla haujaondoka tena.

Vyuma vilikaa uwanjani bila paa, na mwaka ule, mvua zilipokuja, zilikuja kwa hasira. Zamani vilianikwa kwanza. Sasa hapakuwa na nafasi ya kuanika.

Siku ya ajali umeme ulirudi mchana. Fomani Opoka, mtu wa Gulu aliyekuwa askari zamani na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kambini, alikimbia huku na huku akipunga mikono. "Leta pipa! Haraka! Umeme nakwenda sasa hivi!" Ndani ya tanuru mlikuwa na chuma kilichokwisha kulainika. Pipa la pili lilipita juu likichuruzika maji. Kengele ililia. Watu wakasogea.

Maftah alikuwa amewapa mgongo, akikwangua kizingiti cha mlango. Cleopas alikuwa ameitwa upande wa pili kuvuta mpira wa oksijeni. Alipogeuka akamwona rafiki yake bado ameinama pale, peke yake, pipa likiwa juu yake.

Alikimbia. Maftah alihisi mikono mgongoni, akasukumwa nyuma ya ukuta wa matofali, akaanguka kifudifudi. Vyuma vikashuka, na maji yaliyofichama ndani yake yakakutana na moto. Mlipuko ulirusha chuma cha majimaji mpaka kwenye paa. Hata Maftah aliusikia mlipuko huo. Ulikuwa sauti ya mwisho aliyoisikia ikiwa kamili.

Yeye aliungua mkono. Cleopas aliungua mgongo wote, kuanzia kisogoni.

Hospitalini walimlaza kifudifudi, uso umeelekea ukutani, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kumlaza. Maftah alikuja kila siku, mkono wake ukiwa kwenye bendeji, akaketi kwenye benchi upande wa mgongo. Phelister aliketi upande wa ukuta, karibu na uso. Kuelekea mwisho Cleopas aliamka na akili zake timamu. Maftah aliona shavu likicheza, akaona mabega yakipanda kwa juhudi ya kutoa pumzi. Cleopas alikuwa anasema, na alisema kwa kirefu, na mara mbili alijaribu kugeuza kichwa kumwelekea Maftah akashindwa. Maftah aliinuka, akazunguka kitanda, akajibana kwenye nafasi kati ya kitanda na ukuta ili aione midomo. Alipofika ilikuwa imefungwa.

"Amesema nini?" alimuuliza Phelister.

Phelister alimtazama, kisha akautazama ukuta.

Cleopas alifariki kabla ya kupambazuka. Wiki iliyofuata wenye kiwanda waliita kikao ofisini ili wajue chanzo cha ajali. Meneja kijana alikaa nyuma ya meza, Opoka akasimama mlangoni, Maftah akapewa kiti. Meneja alizungumza akiwa ameinamia karatasi zake, na masharubu yake yalificha mdomo. Maftah alijaribu kumsoma, akashindwa. Angeweza kusema, "Bwana, mimi ni kiziwi." Maneno matatu tu yangetosha: mimi sisikii vizuri. Alikuwa ameyaficha kwa miaka mingi mno hata hayakujua njia ya kutokea. Meneja aliinua uso, akamngoja. Maftah alifanya alivyozoea kufanya kila alipokwama mbele ya watu. Alitikisa kichwa kukubali.

Meneja akauliza tena. Akakubali tena.

Nje, Opoka alimvuta kando, akamshika kola. Aliongea akiwa amemsogelea sana, kila neno likionekana.

"Kwa nini wewe nasema ndiyo?"

"Ndiyo ya nini?"

"Bosi nauliza: Cleopas alisikia kengele, akarudi chini ya pipa kwa uzembe wake mwenyewe? Wewe nasema ndiyo. Mara mbili! Mimi nilikuwa pale, masikio yangu nasikia."

Maftah alirudi ofisini mbio, hata hakubisha hodi. Alisema yote kwa sauti iliyojaa jengo zima: kwamba hasikii, kwamba kengele ilikuwa bure kwake, kwamba Cleopas alikufa kwa kumtoa yeye, kwamba vyuma vilikuwa vimelowa na kila mtu aliviona. Meneja alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, kama mtu anavyomwandikia mtoto: taarifa ya ajali imekwisha kupelekwa kwa wakubwa, na yeye asirudi tena tanuruni, kwa usalama wake. Basi hivyo ndivyo ilivyobaki. Cleopas alikufa kwa uzembe wake. Fidia haikutoka, lakini si hiyo iliyomwuma Maftah. Lilimwuma lile neno uzembe, kukaa juu ya jina la mtu yule.

Alikwenda Luzira. Phelister alikuwa akifunga mizigo, cherehani imekwisha kuvikwa gunia. Maiti ilikuwa imetangulia Bungoma na ndugu.

"Shemeji," Maftah alianza.

Phelister aliinua mkono kumzuia. Aliongea polepole, akifungua mdomo sana, na Maftah akajua papo hapo ni nani aliyemfundisha kuongea hivyo.

"Nilijua. Miaka yote nilijua. Alikuwa anarudi hapa amechoka kuliko wenzake, nikamuuliza, akaniambia, nasikia kwa niaba ya watu wawili. Nikamwambia, Baba Byron, mwache, kila mtu abebe masikio yake. Akakataa. Akasema ukitolewa pale utakufa."

Akafunga kamba ya gunia. Maftah alidhani amemaliza, lakini akainua uso tena.

"Na wewe umekwenda mbele ya watu ukasema amejiua mwenyewe."

"Sikusikia swali, shemeji. Wallahi sikusikia."

"Najua hukusikia. Hilo ndilo baya."

Maftah aliegemea kizingiti. Alikuwa na jambo moja la kuomba, naye alijua hana haki ya kuliomba, akaliomba hata hivyo.

"Siku ile hospitalini. Alikuwa anataka kuniambia kitu. Nimeona alivyogeuza kichwa. Niambie alisema nini."

Phelister alisimama wima. Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini mdomo wake ulikuwa mtulivu, na neno lake lilisomeka kama maandishi ya ukutani.

"Hilo nitabaki nalo mimi."

Akambeba mtoto wao, Byron, akaita mlangoni kwa jirani ili wamsaidie kubeba cherehani. Maftah hakumwona tena.

Kiwanda nacho hakikudumu. Tanuru liliganda mara mbili nyingine, na baada ya mara ya mwisho hakuna aliyetumwa kulivunja. Wenye mali walijenga kwingine matanuru madogo yasiyonguruma, na lile kubwa likakatwa kwa gesi, likauzwa kwa kilo kama chakavu kingine. Opoka aliyakuta malori yakilibeba, akaja Makindye kumpa Maftah habari. Walikaa uani. Opoka alionyesha kwa mikono jinsi lilivyokatwa, kwanza kifuniko, kisha tumbo. Maftah alitazama mpaka mwisho, akamkaribisha chai, na wakanywa bila kutazamana.

Zaid alimpokea chuoni bila kumkumbusha lolote. Lakini mwalimu asiyesikia atamsahihishaje mtoto anayekosea makhraji, pale herufi zinapotamkiwa? Alifukuza mbuzi, alifagia, alipanga misahafu. Watoto walimzoea, na kama watoto wote, wakajifunza kusoma vibaya mbele yake kwa makusudi huku wakitabasamu. Baadaye Maftah akaacha kwenda. Farhana aliolewa Mbuya, na kila anapokuja hukaa mbele ya baba yake kwenye mwanga, akamsimulia mambo ya wajukuu kwa mdomo mpana. Maftah huelewa nusu. Nusu nyingine huiacha ipite, kwa kuwa kuuliza tena kumemchosha, na kutikisa kichwa hawezi. Tangu siku ile ya ofisini, shingo yake hukataa.

Kuna kitu Mwanawetu amekuwa akimhimiza kwa miaka: aende Bungoma. "Mpaka hauko mbali," humwambia, akimshika kidevu ili amtazame. "Byron sasa ni mtu mzima. Pengine mama yake amelegea moyo. Nenda useme mbele ya watu wao kwamba Cleopas hakuwa mzembe. Hata asipokuambia lile neno, wewe useme lako." Mara mbili alimfungia begi. Mara ya kwanza Maftah alifika stendi, basi likaondoka akilitazama. Mara ya pili hakutoka nje ya ua.

Begi liko chini ya kitanda. Mwanawetu hatoi nguo zilizomo. Jioni, Zaid, ambaye sasa ni mzee na kifua kimembana, huadhini kwa sauti ambayo hata watu wa safu ya kwanza huitafuta, na Maftah hupelekwa kuswali kwa kuguswa bega na mkewe. Kisha hurudi kitini, uso ukielekea ukuta wa jirani, mpaka giza linapoingia na midomo ya watu haisomeki tena.